Kishikwambi Kidogo na Mfumo Wake: Nani Atakitunza Baada ya Kununuliwa?



Nimeombwa nilinganishe vishikwambi vidogo, vile vya inchi saba na nane ambavyo mtu anaweza kuvishika kwa mkono mmoja, pamoja na mifumo endeshi inayoshindana ndani yake. Swali ninaloulizwa kila ninapokwenda ni moja: kipi kizuri, cha Android au iPad? Nitalijibu. Ila naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu jibu linalotazama kioo, kamera na bei peke yake limewatia watu hasara, na limezitia hasara shule nyingi. Ninachokishikilia ni hiki: kifaa cha namna hii hufa siku mfumo wake unapoachwa na mwenyewe, hata kama kioo hakina mkwaruzo na betri bado inakaa na chaji. Anayelinganisha vifaa bila kuuliza mfumo utatunzwa na nani, na hadi lini, amelinganisha maganda.

Ushahidi wa hoja hiyo upo katika historia ya vifaa hivi vyenyewe, na historia hiyo si ndefu. Turudi 2010.

Mwaka huo Apple walitoa iPad ya kwanza, yenye kioo cha inchi 9.7. Septemba, mjini Berlin, Samsung wakaonyesha Galaxy Tab ya inchi saba. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Oktoba, Steve Jobs, mkuu wa Apple, akizungumza na wachambuzi wa masoko ya hisa alivikandia vishikwambi vya inchi saba bila kumung'unya maneno. Hoja yake ilikuwa ya hesabu. Kioo hupimwa kwa mshazari, kwa hiyo mtu hudhani inchi saba ni kama asilimia sabini ya inchi kumi. Ukipima eneo, alisema, unapata asilimia 45 tu ya kioo cha iPad. Akasema vitufe vya humo vingekuwa vidogo kiasi kwamba mtu angehitaji msasa wa kupunguzia vidole. Alitabiri kuwa vifaa hivyo vingefika sokoni vikiwa tayari vimekufa.

Hesabu yake ilikuwa sahihi, na kuhusu Galaxy Tab ya kwanza alikuwa na haki ya kusema. Ilitumia Android 2.2, mfumo ulioandikwa kwa ajili ya simu, na Google wenyewe walikiri mwaka huohuo kuwa toleo lile halikuandaliwa kwa vishikwambi. Ulichokuwa unakiona mle ni programu za simu zilizovutwa zikajaa kioo. Android ya kwanza iliyotungwa kwa vishikwambi, toleo la 3.0, ilikuja Februari 2011, na ilikuja kwenye vifaa vya inchi kumi.

Sasa nataka tukae kidogo kwa wawili walioshindwa, kwa sababu wao ndio walimu wetu wazuri kuliko walioshinda.

Wa kwanza ni PlayBook ya BlackBerry, iliyotoka Aprili 2011, kioo cha inchi saba, bei ikianzia dola 499. Ndani yake kulikuwa na mfumo unaoitwa QNX. Nawaambia wanafunzi wa fani hii: ule ulikuwa mfumo wa heshima. Kiini chake ni kidogo sana, na huduma nyingine zote, za faili, za mtandao, za kioo, zinaendeshwa kila moja mahali pake, hivyo moja ikianguka hazianguki zote. Video iliendelea kucheza huku ukipekua ukurasa mwingine, jambo ambalo iPad ya wakati ule haikuliweza. Kiufundi, sioni mfumo uliokuwa mbele yake kati ya vile vilivyokuwa sokoni.

Lakini ilitoka bila programu yake ya barua pepe. Wala kalenda. Wala kitabu cha anwani. Kampuni iliyojijengea jina duniani kote kwa barua pepe iliuza kifaa ambacho, ili usome barua zako kwa utaratibu wa kawaida, ulipaswa kuwa na simu yao pia na kuviunganisha viwili hivyo. Barua pepe ilikuja Februari 2012, ikakuta wateja wameshaondoka. Kabla ya hapo, Desemba 2011, kampuni ilikuwa imeshakiri kwenye mahesabu yake hasara ya dola milioni 485 kwa shehena ya PlayBook zilizokosa wanunuzi. Waliokuwa wamenunua waliahidiwa mfumo mpya wa BlackBerry 10. Mwaka 2013 ahadi hiyo ikafutwa. QNX yenyewe haikufa. Leo imo ndani ya magari mengi duniani. Waliopoteza ni wale walionunua kishikwambi.

Wa pili ni webOS. HP waliinunua kampuni ya Palm mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2, na webOS ndiyo iliyokuwa lulu ya ununuzi huo. Mtindo wake wa kuonyesha kila programu kama kadi, ukaisukuma juu kwa kidole kuifunga, ndio huohuo mnaoutumia leo kwenye simu zenu bila kujua ulikotokea. Kishikwambi chao, TouchPad, kilitoka tarehe 1 Julai 2011. Tarehe 18 Agosti mwaka huohuo kampuni ikatangaza kuwa imeachana nacho, na vilivyobaki vikauzwa kuanzia dola 99. Mdogo wake wa inchi saba, TouchPad Go, alikuwa ameshatengenezwa. Hakuwahi kufika dukani. Mfumo ukauzwa kwa LG, na sasa unaendesha televisheni.

Mnaona yanayofanana. Mifumo yote miwili ilikuwa mizuri, na mizuri kweli. Iliyokosa ni mambo mawili yasiyoonekana dukani: waandishi wa programu wa kutosha, na mwenye mali aliye tayari kuvumilia. Microsoft nao walipita njia hiyohiyo mwaka 2013, pale Windows ilipoingizwa kwenye vishikwambi vya inchi nane. Ilikuwa Windows kamili, yenye vitufe vilivyokusudiwa kipanya, juu ya kioo cha kiganja. Sitaki kupoteza muda wenu hapo.

Twende 2012, maana ndipo shindano lilipopata sura tunayoijua. Juni, Google na ASUS walitangaza Nexus 7, dola 199. Oktoba, mwaka mmoja baada ya kifo cha Jobs, Apple walitangaza iPad mini, dola 329. Vyote viwili ninavyo hapa mezani, na baada ya mhadhara mje mvishike.

Ukivishika utagundua kitu ambacho maandishi ya boksi hayakwambii. Nexus ni ndefu na nyembamba. Uwiano wa kioo ni 16 kwa 10. Mkono wa mtu mzima unaizunguka vizuri, na riwaya inasomeka bila tabu. iPad mini ina uwiano wa 4 kwa 3 na inchi 7.9. Tofauti ya 0.9 ya inchi inaonekana ndogo, lakini ukipiga hesabu ya eneo, kioo cha iPad mini kinaizidi Nexus kwa zaidi ya theluthi. Fungua ukurasa wa kitabu cha kiada uliopigwa picha: kwenye iPad mini unauona wote, kwenye Nexus unausogeza huku na huku. Kwa upande mwingine, Nexus ina nukta 216 kwa kila inchi dhidi ya 163 za iPad mini, na kwa macho yangu herufi za Nexus ni kali zaidi. Aliyetazama takwimu moja tu angechagua vibaya, upande wowote ule.

Na kuna jambo la ndani zaidi. iPad mini ilipewa nukta 1024 kwa 768, idadi ileile ya iPad kubwa ya kwanza na ya pili. Haikuwa bahati nasibu. Kwa kufanya hivyo, programu zote zilizokwisha kuandikwa kwa iPad zilifanya kazi siku ya kwanza bila kuguswa. Gharama yake ni kwamba kila kitu kilipungua: kitufe kilichokuwa na milimita nane na nusu kwenye iPad kubwa kikabaki karibu milimita saba. Jobs aliuona ugumu huo mapema. Warithi wake waliupima, wakakubali vitufe vidogo ili wapate programu nyingi, na wakaongeza ujanja wa mfumo kutambua kidole gumba kilichopumzika pembeni ya kioo na kukipuuza. Huo kwangu ni uamuzi wa busara kuliko yote niliyoyaona katika vifaa hivi.

Sasa sikilizeni jinsi vilivyozeeka, maana hapa ndipo penye somo.

Nexus 7 ilianza kulegea mapema. Hifadhi ya ndani ya vifaa hivi huandikwa kwa vipande, na kipande kilichotumika lazima kifutwe kabla ya kuandikwa upya. Mfumo unapaswa kuiambia hifadhi ni vipande gani havihitajiki tena, ili vifutwe wakati kifaa kimetulia. Kwenye Nexus 7 kazi hiyo haikufanyika mpaka ilipokuja Android 4.3, Julai 2013. Kabla ya hapo, kila ulipojaza picha na michezo, kifaa kiliendelea kuwa kizito, na wenye nacho walidhani kimeingiwa na virusi. Sasisho moja likakirudishia uhai. Kisha mwishoni mwa 2014 likaja jingine, Android 5.0, likakilemea upya, mpaka wengi wakatamani wasingelipokea. Kioo kilekile, betri ileile. Aliyekifufua na aliyekilaza ni mfumo.

iPad mini ya kwanza ilipokea masasisho hadi iOS 9, ikaachwa 2016 ilipotoka iOS 10. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 512 tu, na mwishoni ilikuwa inahema. Lakini bado ilifungua tovuti, bado ilisoma vitabu. Kisha ikafika tarehe 30 Septemba 2021.

Tovuti yenye alama ya kufuli hutoa hati ya kidijitali kuthibitisha kuwa ndiyo yenyewe. Kifaa chako huangalia ni mdhamini gani aliyeisaini hati hiyo, halafu hutafuta jina lake katika orodha ya wadhamini iliyomo ndani ya mfumo. Orodha hiyo huja na masasisho. Let's Encrypt, shirika linalotoa hati bure kwa mamilioni ya tovuti, lilikuwa likiegemea mdhamini mkongwe ambaye muda wake uliisha siku ile. Mdhamini mpya hakuwemo kwenye iOS 9. Asubuhi yake, Safari, kivinjari cha iPad mini, kikaanza kutoa onyo kwenye tovuti nyingi zilizofunguka vizuri jana yake. Hakuna kilichovunjika.

Nexus 7, ambayo nayo ilikuwa imeachwa zamani, haikupatwa na balaa hilo siku ile. Mfumo wa Android hauzingatii tarehe ya mwisho ya mdhamini aliyemo kwenye orodha yake, na Let's Encrypt walitumia mwanya huo makusudi kuvinusuru vifaa vya zamani vya Android kwa miaka mitatu zaidi, hadi 2024. Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu walimu huniletea vifaa vya shule na kuniambia intaneti imekufa, wakati intaneti ni nzima. Kilichokufa ni orodha ambayo hakuna tena anayeihuisha.

Tuje nyumbani. Nani hapa hajakiona kishikwambi cha sensa? Kenya walivitumia katika sensa ya Agosti 2019, vikiwa vimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Sisi Tanzania tulivitumia Agosti 2022, tukahesabiwa watu 61,741,120, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa walimu.

Kazi za namna hii kwetu huenda kwenye Android, na sababu si bei peke yake. Mwaka 2008 watu wa Chuo Kikuu cha Washington, wakiongozwa na Profesa Gaetano Borriello, walianza kutengeneza Open Data Kit, programu huria ya kujaza madodoso kwenye simu hata mahali pasipo na mtandao. Waliiandikia Android, na miongoni mwa walioitumia mapema kwa kiwango kikubwa ni mradi wa AMPATH wa Eldoret, uliopita nyumba kwa nyumba kupima watu Virusi vya UKIMWI. Kutoka humo ikazaliwa KoboCollect, inayotumiwa na mashirika ya misaada kila kona. CSEntry, ya Ofisi ya Sensa ya Marekani, inayotumiwa na ofisi nyingi za takwimu barani, nayo ipo kwa Android na Windows. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyoandikiwa iPad. Mkusanya takwimu aliyepewa iPad mini ya bei mbaya amepewa kifaa kizuri kisichojua kazi yake.

Tena iPad haina sehemu ya kupigia simu, hata ile inayoingia laini. Huwezi kupiga *150*00# ukalipa kwa M-Pesa. iPad mini iliyotoka Oktoba 2024 haina hata tundu la laini. Inakubali ile ya kielektroniki tu. WhatsApp, ambako vikundi vyetu vya kazi, vya misiba na vya harusi vinaishi, ilipata programu ya iPad Mei 2025, miaka kumi na mitano baada ya kifaa kuzaliwa. Na tangu Android 4.2 ya mwaka 2012, kishikwambi cha Android kinaweza kuwa na watumiaji kadhaa, kila mmoja na faili zake, mama, baba na mtoto. Apple huruhusu hilo kwa shule na kampuni zenye mfumo maalumu wa usimamizi. Familia ya kawaida hainufaiki nalo.

Baada ya hayo yote, mtu angedhani nimemaliza na Android imeshinda. Hapana. iPad mini ya 2019 ilipokea iPadOS 26 mwaka 2025. Zaidi ya miaka sita. Apple hutengeneza kifaa na mfumo, kwa hiyo sasisho hutoka kwake moja kwa moja hadi mkononi mwako. Sasisho la Android hutoka Google, likaenda kwa mtengenezaji wa kichakato, likaenda kwa kampuni iliyouza kifaa, na mmoja wao akichoka, linaishia njiani. Google waliliona tatizo. Katika Android 8 ya 2017 waliitenganisha sehemu ya mtengenezaji na mfumo wenyewe, na katika Android 10 ya 2019 wakaanza kupitisha baadhi ya marekebisho ya usalama kwenye duka lao la programu. Hali imekuwa nafuu sana. Lakini nafuu hiyo inamfikia aliyenunua kwa kampuni inayotimiza wajibu wake.

Hapa ndipo vishikwambi vya bei ya chini sana vinapoumiza. Kwa kuwa msimbo wa Android ni huria, yeyote anaweza kuuchukua na kuufanya wake. Amazon walifanya hivyo kwa uwazi tangu Kindle Fire ya 2011: wakaondoa huduma za Google kwenye mfumo, wakaweka duka lao, wakakiuza kifaa cha inchi saba kwa dola 199 ili wauze vitabu na filamu. Mnunuzi alijua anachonunua, na Amazon wenyewe waliendelea kutoa masasisho. Lakini huria hiyohiyo inamruhusu mtu asiye na anwani kuweka Android ya miaka mingi iliyopita kwenye gamba linalong'aa, akaandika nje ya boksi kumbukumbu ambayo haimo ndani, na asitoe sasisho hata moja mpaka mwisho wa dunia. Mtoto anapewa kifaa hicho, na humo mama anaingiza nywila ya benki.

Njia ya kukijua ipo. Fungua Play Store, ingia kwenye mipangilio, nenda sehemu inayoeleza kuhusu programu hiyo, utaona kama kifaa kimethibitishwa na Google. Halafu ingia kwenye mipangilio ya kifaa chenyewe utazame tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Kifaa kipya chenye tarehe ya miaka miwili iliyopita kirudishe mezani kwa muuzaji, hata akipunguza bei.

Basi jibu langu kwa lile swali. Mtu mmoja mwenye uwezo, msomaji, daktari, mchoraji, anayetaka kifaa kidogo cha kukaa nacho miaka sita bila kumtafuta fundi, achukue iPad mini; sijaona kinachoishinda kwa umbo lake. Familia inayogawana kifaa, na kazi zote za shambani, zahanati na madodoso, zichukue Android ya kampuni inayotangaza muda wa masasisho. Kwa kazi ngumu ya nje vipo vya inchi nane kama Galaxy Tab Active5 ya 2024, ambayo betri yake unaichomoa kwa mkono na kuweka nyingine, kitu ambacho mwalimu wa kijiji chenye umeme wa kubahatisha atakithamini kuliko kamera yoyote. Shule zinunue Android pia, kwa sharti hilohilo la masasisho, na zisinunue kabla hazijajua programu za masomo zinazozitaka zinaendeshwa na toleo gani.

Nimalizie kwa ombi kwa walimu wakuu, kamati za shule na maofisa manunuzi mlio hapa. Nimesoma nyaraka nyingi za zabuni za vishikwambi. Zinataja ukubwa wa kioo, kumbukumbu, hifadhi, betri, kava na dhamana ya mwaka mmoja. Ongezeni mstari mmoja: mzabuni aandike, kwa siku, mwezi na mwaka, tarehe ya mwisho ambayo kifaa hicho kitapokea masasisho ya usalama, na aoneshe mahali mtengenezaji alipoitangaza. Gawanyeni bei kwa idadi ya miaka iliyobaki hadi tarehe hiyo, na linganisheni wazabuni kwa hesabu hiyo. Asiyeweza kuijaza tarehe, msimpe kazi.